Jinsi ya Kuchagua Kinasa Sauti cha Safari

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha sikia kwamba Chama cha Historia cha shule yetu kinakusudia kununua kinasa sauti kimoja, ili likizo ijayo wanachama wapate kuzunguka vijijini na kunasa hadithi, nyimbo na habari za kale kutoka kwa wazee wetu hapa Newala. Fedha zilizopo ni za bustani ya mboga na michango ya wanachama, nazo zatosha kununua chombo kimoja tu. Tukichagua vibaya, hatutapata kingine mwaka huu. Na wazee hawatungojei. Muhula uliopita pekee tumezika wawili katika wale ambao majina yao tulikuwa tumeyaandika katika orodha yetu.

Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kuuliza na kusoma habari za vyombo hivi. Nimeona vema niyaeleze hapa yale niliyoyapata, ili wanachama wakija mkutanoni wawe wamekwisha fikiri. Hata asiye mwanachama aweza kufaidika, maana huenda siku moja akataka kunasa sauti ya bibi yake nyumbani.

Kwanza nitataja kidogo habari za zamani, kwa sababu zatuonyesha jinsi tulivyo na bahati leo. Zamani mwimbaji ndiye aliyekifuata chombo. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake kuvuka bahari mpaka Bombay ili nyimbo zake zitiwe katika sahani za santuri. Waliobeba chombo mpaka kijijini walikuwa wachache, na wengi wao wageni. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani, Karl Weule, alifika Lindi, Masasi na hapa kwetu Newala akiwa na fonografu, chombo kilichochora sauti juu ya silinda ya nta. Silinda moja ilijaa kwa dakika chache tu, na nta haipendi joto. Sauti za babu zetu zikapakiwa melini zikaenda Ujerumani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na Kenya akinasa ngoma na nyimbo, naye mwaka 1954 akaanzisha huko Afrika Kusini maktaba kubwa ya muziki wa Afrika. Mwaka 1951 Stefan Kudelski, mzaliwa wa Polandi aliyekaa Uswisi, alitengeneza kinasa sauti cha utepe ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba begani. Alikiita Nagra, maana yake kwa Kipolandi ni "kitanasa". Hata hivyo Nagra ya aina ya tatu, iliyosifiwa sana na watu wa redio na sinema, ilikuwa na uzito wa kilo 6 hivi. Leo chombo kinachotosha kazi yetu ni kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, na chaingia mfukoni. Kwa hiyo hatuna sababu ya kungoja mgeni aje atunasie sauti zetu wenyewe.

Sasa tutazame jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Mbele kabisa pana maikrofoni. Ndani yake mna ngozi nyembamba sana ambayo hutikiswa na sauti, kama ngozi ya ngoma itikiswavyo na mkono. Mtikiso huo hugeuzwa kuwa umeme dhaifu, nao umeme hukuzwa. Kisha chombo huupima umeme huo maelfu ya mara katika kila sekunde, na kuandika kila kipimo kwa tarakimu katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Tukitaka kusikiliza, tarakimu hugeuzwa tena kuwa umeme, na umeme kuwa sauti. Basi ubora wa sauti yote wategemea mambo matatu: maikrofoni inasikia nini, umeme unakuzwa kwa usafi gani, na vipimo vinaandikwaje. Wauzaji hupenda kusifu jambo la tatu, kwa kuwa lina tarakimu kubwa za kuandika juu ya sanduku. Walakini kwa kazi yetu jambo la kwanza ndilo kubwa kuliko yote.

Wale wanaosoma fizikia wanajua sababu. Sauti hupungua nguvu kadiri inavyokwenda mbali. Ukipunguza umbali kwa nusu, nguvu ya sauti ya msemaji inayofika huongezeka mara nne. Mzee akiwa dhiraa nne kutoka kwenye chombo, nawe ukakisogeza mpaka dhiraa moja, sauti yake itafika kwa nguvu mara 16, lakini kelele za jogoo, pikipiki na mashine ya kusaga zitabaki zile zile. Hakuna chombo cha bei kubwa kitakachofanya kazi hiyo badala yako. Chombo cha bei ndogo kikiwekwa shubiri mbili kutoka kinywani kitashinda kile cha fahari kilichowekwa juu ya meza upande wa pili wa chumba. Kanuni hii nawaomba wanachama waikariri kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha.

Kutokana na kanuni hiyo, swali la kwanza dukani si "Kipi ni bora?" bali "Sisi twataka kunasa nini?" Nimetazama mpango wetu wa likizo, nami naona kazi ni za namna tatu. Ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ni mzee mmoja kusimulia habari akiwa ameketi barazani au chini ya mwembe. Ya pili ni ngoma, kama sindimba, pamoja na waimbaji wengi uwanjani. Ya tatu ni sauti za mahali penyewe, kama ndege wa alfajiri au kinamama wakitwanga. Kila kazi yataka maikrofoni kwa namna yake. Kwa mzee mmoja yafaa maikrofoni ndogo ya kubana nguoni, kifuani pake, maana humfuata hata akigeuza kichwa. Kwa ngoma yafaa maikrofoni mbili zilizomo ndani ya chombo chenyewe, zinazonasa upande wa kuume na wa kushoto, ili msikilizaji atambue nani alikuwa wapi. Kwa hiyo chombo chetu sharti kiwe na maikrofoni zake mbili, na tena kiwe na tundu la kuchomekea maikrofoni nyingine. Kisicho na tundu hilo tukiache dukani.

Tena maikrofoni za ndani si za aina moja. Ziko zinazosikia zaidi upande zinakoelekezwa, na ziko zinazosikia pande zote sawasawa. Kwa mfano, Zoom H1n, iliyotoka mwaka 2018, ina zile za kuelekezwa. Tascam DR-05X, iliyotoka mwaka 2019, ina zile za pande zote. Zile za kwanza husaidia kupunguza kelele za nyuma, ila hukasirishwa upesi na upepo na mtikiso wa mkono. Zile za pili huvumilia upepo kidogo zaidi, na hufaa kikao cha wazee watatu wanne waliozunguka, lakini huchukua kila kitu kilichopo.

Jambo la pili ni usafi wa ukuzaji. Kila kinasa sauti kina mvumo wake mdogo, kama sauti ya mvua ya mbali, ambao hutoka ndani ya chombo chenyewe. Ngomani hausikiki. Lakini bibi mwenye sauti ya chini akisimulia polepole, mvumo huo huingia katika kila kituo chake. Dawa yake ni kujaribu kabla ya kulipa. Mwombeni mwenye duka chumba kimya, nasa dakika moja ya ukimya, kisha nasa mtu akisema kwa sauti ya chini, halafu sikilizeni kwa hedifoni. Fanyeni hivyo kwa vyombo viwili vitatu, nanyi mtatambua tofauti bila kusoma karatasi yoyote ya sifa. Mwenye duka akikataa, tafuteni duka jingine.

Jambo la tatu ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Vyombo vingi vyaweza kujirekebisha vyenyewe: sauti ikiwa ndogo huikuza, ikiwa kubwa huipunguza. Jambo hili laonekana zuri, lakini lina hasara. Mzee akinyamaza kufikiri, chombo huanza kukuza kuku na upepo. Akianza tena kusema, neno la kwanza hutoka kwa kishindo. Ngoma nayo hupoteza uhai wake, kwa kuwa pigo kubwa na dogo huwa sawa. Kwa hiyo chombo chetu lazima kiruhusu kuwekwa kwa mkono, nacho kiwe na kioo kinachoonyesha kipimo. Kanuni ya kazi ni kwamba sauti kubwa kabisa ya msemaji isifike juu ya desibeli 12 chini ya sifuri. Hapo hubaki nafasi ya kicheko cha ghafula. Sauti ikipita sifuri hukatwa vichwa, nayo haiponi tena.

Siku hizi kuna vyombo vinavyoandika kwa namna ya biti 32 iitwayo floti, kama Zoom H1essential iliyotoka mwaka 2024. Namna hii ina nafasi kubwa mno ya vipimo, hata mtu hahitaji kurekebisha kabla. Hupunguza au kuongeza baadaye katika kompyuta. Ni msaada mkubwa kwa anayeanza. Lakini tusidhani ni uganga. Maikrofoni yenyewe ikizidiwa na ngoma iliyo karibu mno, hakuna hesabu itakayoirudisha. Tena kazi ya baadaye yataka kompyuta na mtu wa kuketi nayo.

Jambo la nne ni namna ya kuandika. Sikio la kijana husikia mpaka mitikiso 20,000 hivi kwa sekunde, na hesabu yataka vipimo vipite mara mbili ya hapo. Ndiyo sababu vyombo hupima mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Biti 16 hutoa ngazi 65,536 za kupimia. Biti 24 hutoa ngazi zaidi ya milioni 16. Walinzi wa hifadhi za sauti duniani hupendekeza vipimo 48,000 na biti 24 kuwa kiwango cha chini, nasi tufuate hivyo. Faili ya namna ya WAV huhifadhi vipimo vyote. Faili ya MP3 hutupa baadhi ya sauti ambazo hudhaniwa sikio halitazikosa, ili iwe ndogo. Kilichotupwa hakirudi. Kwa WAV ya kiwango hicho, yenye pande mbili, saa moja huchukua gigabaiti 1 na kidogo; kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba saa 30 hivi. MP3 ya kilobiti 128 huchukua megabaiti 58 tu kwa saa. Basi tunase kwa WAV na kuihifadhi, na MP3 iwe nakala ya kumpelekea mjukuu kwa simu.

Jambo la tano ni betri. Vijijini chombo kinachotumia betri za kawaida, zile zinazouzwa madukani, kina faida kuliko kile chenye betri yake ya ndani peke yake. DR-05X hutumia betri mbili za AA, na H1n hutumia mbili ndogo za AAA. Zile za kuchajiwa hupunguza gharama, lakini kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo ni lazima kukiambia chombo ni betri za aina gani, la sivyo kitaonyesha kwamba zimekwisha kabla ya wakati. Tena tusitoe betri kabla ya kusimamisha kazi. Faili ya WAV hukamilishwa mwishoni, chombo kinapoandika urefu wake; umeme ukikatika katikati, huenda hadithi ya saa nzima isifunguke.

Jambo la sita ni adui wetu mkubwa hapa uwandani, yaani upepo. Upepo mdogo ambao uso hauuhisi hupiga maikrofoni kama mtu anayepuliza chupa. Nimesikia kaseti moja ya miaka ya 1990 ambayo mzee mmoja alieleza jinsi ukoo wake ulivyovuka Ruvuma. Majina ya mababu yalikuwa saba. Yanayosikika ni manne. Mengine matatu yamefunikwa na ngurumo ya upepo, na mzee huyo hayupo tena wa kuulizwa. Kifuniko cha sponji husaidia ndani ya nyumba. Nje kunatakiwa kifuniko chenye manyoya marefu, ambacho huvunja nguvu za upepo kabla haujafika. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya chombo, na bila hicho chombo ni nusu.

Wengine wameniuliza, "Kwa nini tununue, nasi twaweza kuazima simu ya mwalimu?" Swali hili ni la haki. Simu njema iliyo karibu na msemaji hunasa maneno yakasikika vizuri, na kama mzee ni mgonjwa leo, basi tutumie simu leo. Lakini simu nyingi hujirekebisha sauti zenyewe, na nyingine hufuta kile zinachokidhania kuwa kelele, pamoja na mlio wa malimba. Tena hukatizwa na mtu anayepiga, nafasi yake hujazwa na picha, na mwenye simu huihitaji jioni. Atakayeitumia aizime mawasiliano kwanza, achague programu inayoandika WAV, na kuiweka karibu.

Katika mkutano uliopita wanachama kadhaa walipendekeza tununue chombo cha daraja la kati, kama Tascam DR-40X, chenye matundu makubwa ya pini tatu na umeme wa volti 48 wa kulisha maikrofoni kubwa. Ni chombo chema, nami nakiheshimu. Lakini matundu hayo hayana faida bila maikrofoni zake, nazo huuzwa mbali. Tukikinunua, fedha zitakwisha kwenye chombo, tuende kijijini bila manyoya, bila stendi na bila hedifoni. Nionavyo mimi, yafaa tununue chombo kidogo cha jamii ya H1n, H1essential au DR-05X, ambacho kitatumia kama nusu ya fedha zetu. Nusu ya pili itupe maikrofoni moja ya kubana nguoni, kifuniko cha manyoya, stendi ndogo ya miguu mitatu, hedifoni zinazofunika masikio, kadi mbili na betri za akiba. Stendi haitetemeki kama mkono. Hedifoni nazo hutuambia palepale kwamba waya umelegea, wakati mzee bado yupo mbele yetu.

Baada ya kununua, yapo mambo mawili ambayo duka haliuzi. La kwanza ni ruhusa. Tuamkie kwanza, tueleze kazi yetu, tuonyeshe chombo, na tungoje jibu. Mzee akisema, "Wajukuu zangu, hapa zimeni," tuzime. Mambo ya jando na unyago hayakuwekwa kwa kila sikio, na chombo hakitupi haki ambayo wenyewe hatukuwa nayo. Akikubali, tumrudishie nakala. Ni mali yake kabla ya kuwa yetu.

La pili ni utunzaji. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanzo wa kila kazi mmoja wetu aseme chomboni tarehe, mahali, lugha, na jina la msemaji kama ameruhusu; kisha ayaandike hayo katika daftari. Jioni ile ile sauti zihamishiwe kwenye kompyuta, na kadi isifutwe mpaka nakala tatu ziwepo katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae nje ya shule. Moto na mchwa havichagui.

Hayo ndiyo niliyoyapata. Mkutano wa chama utakuwa Jumamosi ya pili ya muhula ujao, na kura itapigwa siku hiyo. Anayeona vingine aje na sababu zake, nami nitafurahi kusikia. Kuuliza si ujinga. Ila nawaombeni jambo moja kabla ya siku hiyo: kila mmoja wenu alete jina la mzee mmoja wa kijiji chake ambaye angependa asikilizwe kwanza. Orodha yetu ina majina kumi na manne yaliyobaki.

Katibu wa Chama cha Historia, Kidato cha V